Maji ya Moto, Chumvi na Theluji: Kasese na Hazina Zake

Askari wengi wa nchi yetu wameijua Kasese kwa njia ya amri ya uhamisho. Wengine wamekaa Bwera wakilinda mpaka wa Mpondwe. Wengine wamepanda miteremko ya Rwenzori katika mvua na ukungu. Wengine wamepiga doria ziwani usiku, kutoka Kahendero hata Katwe. Kwao Kasese ni jina la kazi ngumu. Lakini si wengi waliopata wasaa wa kuuliza ardhi hii wanayoilinda ni ya namna gani, imebeba mali gani ndani yake, na kwa nini watu wameigombea tangu zamani. Ndugu msomaji, mtu hulinda vema zaidi kitu anachokifahamu thamani yake. Ndiyo sababu ya makala haya.

Askari na maji ya moto

Tuanze mbali kidogo. Huko Ulaya iko miji mingi iliyopata utajiri na sifa kwa sababu moja tu: maji ya moto yatokayo ardhini. Iko Bath katika Uingereza, Vichy katika Ufaransa, Baden-Baden katika Ujerumani na Karlovy Vary katika Chekia. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliingiza miji 11 ya namna hiyo, iliyomo katika nchi 7, katika orodha ya urithi wa dunia.

Msomaji aliyevaa sare huenda akafurahi kusikia kwamba baadhi ya miji hiyo ilianzishwa na wenzake. Majeshi ya Roma, yalipofika kando ya mto Rhine takriban miaka 2,000 iliyopita, yalikuta chemchemi za moto katika mahali panapoitwa leo Baden-Baden, Wiesbaden na Aachen. Askari waliochoka kwa safari na kuumwa viungo walijengewa mabafu ya mawe. Baada ya dola ya Roma kuanguka, mabafu mengi yalifukiwa, lakini maji hayakuacha kububujika. Karne nyingi baadaye waganga waliyapima maji yale, mabaraza ya miji yakajenga nyumba za wageni na bustani, na reli ilipofika katika karne ya 19, wafalme, matajiri na wagonjwa wakamiminika kutoka kila upande. Kila mgeni alitozwa ushuru mdogo, na ushuru huo ukatumika kuutunza mji na kuzilinda chemchemi zenyewe.

Hapo tunaona mambo manne yaliyoigeuza zawadi ya ardhi kuwa riziki ya watu: usalama, njia za usafiri, usafi pamoja na elimu ya maji yenyewe, na utaratibu wa haki wa kugawana mapato. Mambo hayo manne tuyaweke akilini tunaporudi nyumbani.

Moto ulio chini ya ardhi

Kasese imekaa ndani ya Bonde la Ufa, upande wake wa magharibi. Hapa ganda la dunia limepasuka na kuvutwa, na joto la chini limekaribia uso wa ardhi. Kusini mwa mji wa Kasese, kati ya Kikorongo na Katwe, yako makumi ya makasoko, yaani mashimo makubwa ya duara yaliyofanywa na milipuko ya kale. Moto wa chini ulipokutana na maji, mvuke ulilipuka na kurusha majivu na mawe juu, likabaki shimo. Baadhi ya makasoko hayo yameota nyasi, na nyati hulala humo. Mengine yamejaa maji na kuwa maziwa madogo, kama Katwe, Nyamunuka, Munyanyange na Kitagata.

Joto hilo hujidhihirisha pia kwa chemchemi. Ndani ya kasoko la ziwa Kitagata maji hutoka yakiwa na joto la nyuzi 70 hivi. Wataalamu wa joto la ardhini wameziorodhesha vilevile chemchemi za Rwagimba, Kibenge, Bugoye na Muhokya, zote zikiwa kando ya Rwenzori. Muhokya si mbali na Kahendero. Rwagimba hujulikana sana miongoni mwa wenyeji, kwani watu wenye maumivu ya viungo na magonjwa ya ngozi huenda kuoga huko.

Ukitoka nje ya mipaka ya Kasese, utazikuta chemchemi mbili mashuhuri zaidi. Ya kwanza ni Kitagata ya wilaya ya Sheema, isichanganywe na lile ziwa lenye jina hilo. Hapo pana mabwawa mawili: moja huitwa Ekyomugabe, kwa heshima ya mfalme wa Ankole, na la pili watu wamelipa jina la Mulago, kama ile hospitali kuu ya Kampala, kwa jinsi wagonjwa wanavyolikimbilia. Ya pili ni Sempaya, ng'ambo ya Rwenzori katika Bundibugyo, ndani ya hifadhi ya Semuliki. Huko wenyeji husimulia habari za chemchemi ya kiume na chemchemi ya kike, na maji yanachemka kabisa, hata wageni huchemshia mayai na ndizi.

Hata hivyo lazima tuseme kweli. Maji ya moto hulegeza misuli na kumpa nafuu mtu aliyechoka viungo, lakini si badala ya zahanati. Asidanganyike mtu akaacha dawa ya daktari kwa sababu ameoga Rwagimba. Wala asithubutu kuingia maji ya Sempaya, kwani hayo hupika nyama ya mtu kama yanavyopika ndizi. Miji ya Ulaya haikuaminiwa mpaka maji yake yalipopimwa na watu wakaambiwa yapi ya kuoga, yapi ya kunywa, na yapi ya kutazamwa tu. Kazi hiyo kwetu ingali na nafasi kubwa.

Chumvi iliyoleta majeshi

Kama maji ya moto ni zawadi ya kwanza ya moto wa chini, chumvi ni ya pili. Ziwa Katwe liko ndani ya kasoko, na uso wake uko chini kuliko uso wa Ziwa Edward lililo jirani. Chemchemi zenye madini huingia ndani yake, lakini hapana mto utokao. Jua hunyonya maji, na chumvi hubaki.

Kwa karne nyingi chumvi ya Katwe ilibebwa kwa vichwa na mitumbwi kwenda Ankole, Toro, Bunyoro, Buganda, Rwanda na Kongo. Katika nchi isiyo na bahari, mwenye chumvi alikuwa na fedha mkononi. Kwa hiyo Kabarega, mfalme wa Bunyoro, alilishikilia ziwa hilo na kupata mapato makubwa. Stanley alipopita hapo mwaka 1889 akiwa na Emin Pasha, alikuta biashara ikiendelea kwa wingi.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Kiingereza, alifika Katwe na jeshi lake, akawaondoa watu wa Kabarega, akajenga ngome aliyoiita Fort George. Alielewa upesi kwamba kumnyima adui chumvi ni kumnyima nguvu za vita. Kutoka hapo aliendelea mpaka upande wa Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha chini ya Selim Bey. Askari hao na wenzao ndio waliokuwa msingi wa jeshi la Uganda Rifles lililoundwa mwaka 1895, ambalo mwaka 1902 liliingizwa katika King's African Rifles. Basi askari wa leo anayepita Katwe na kuona wanawake wakikusanya chumvi, ajue kwamba historia ya jeshi katika nchi hii ilipita mahali pale.

Kazi ya chumvi haijabadilika sana. Ukingoni mwa ziwa kuna vijaruba vingi vilivyotengwa kwa kuta za udongo na miti, na kila kijaruba kina mwenyewe. Maji ya ziwa huachwa humo mpaka chumvi igande juu yake, kisha hukusanywa. Wanaume huingia ndani zaidi na kuvunja mabamba ya chumvi sakafuni mwa ziwa, wakayapakia juu ya vichanja vya magogo na kuyavuta hadi pwani. Chumvi safi ni ya chakula. Ile ya mabamba hupendwa na wafugaji, maana ng'ombe hulamba. Wakati wa kiangazi mavuno huwa mema. Mvua ikinyesha sana, maji ya ziwa huzimuliwa na kazi husimama.

Ni kazi yenye mateso. Mfanyakazi husimama ndani ya maji makali kwa saa nyingi, ngozi ikapasuka, macho yakawasha, na hewa yenye harufu ya yai viza ikamwingia kifuani. Wengi hawana viatu wala glavu za kuwafaa. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kikubwa kilijengwa hapo kwa ufundi wa Kijerumani, kwa matumaini kwamba Uganda itajitosheleza kwa chumvi. Lakini maji ya Katwe yalikula mabomba yake kwa kutu, kiwanda kikasimama baada ya muda mfupi, na magofu yake yamebaki yakitazama ziwa. Funzo lake ni kwamba mashine ghali bila kulijua tabia yake ziwa lenyewe ni hasara, na mwanamke aliyeingia majini kwa miguu yake alidumu kuliko kiwanda.

Reli, shaba na saruji

Mji wa Kasese wenyewe ulikuzwa na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika hapo mwaka 1956, na mwaka huo mgodi wa Kilembe, ulio katika bonde la mto Nyamwamba, ukaanza kutoa shaba. Kwa muda shaba ilikuwa miongoni mwa mauzo makubwa ya Uganda nje, pamoja na kahawa na pamba. Mwaka 1957 kilianzishwa chama cha ushirika cha Nyakatonzi kwa ajili ya wakulima wa pamba. Mradi wa umwagiliaji wa Mubuku ulifuata katika miaka ya 1960, na huko Hima chokaa ya mlima ikageuzwa saruji.

Kisha uchumi wa taifa ukavurugika katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kilembe ikasimama. Katika miaka ya 1990 treni nayo ikaacha kuja. Lakini mgodi ulikuwa umeacha kitu nyuma yake: marundo ya takataka za mawe yenye madini karibu na mji. Mvua ilipoyapiga, maji yenye sumu yaliteremka ndani ya hifadhi ya wanyama, yakaua nyasi, yakaelekea Ziwa George. Mwaka 1999 kiwanda cha kobalti kilianza kuyachambua marundo hayo na kupata mali ndani ya uchafu. Hata hivyo mto Nyamwamba haujatulia. Mwaka 2013, na tena mwaka 2020, ulifurika na kubomoa nyumba, madaraja na sehemu za hospitali ya Kilembe. Waliotangulia kuvuta watu majini, mara nyingi, walikuwa wenye sare pamoja na vijana wa mahali pale.

Kahendero na ziwa lake

Mito itokayo Rwenzori huishia katika mafunjo ya kaskazini ya Ziwa George. Kando ya ziwa hilo, karibu na mstari wa Ikweta, ndipo kilipo Kahendero, kimojawapo cha vijiji vya wavuvi vilivyozungukwa na hifadhi ya Queen Elizabeth.

Ziwa George ni la ajabu. Eneo lake ni kilomita za mraba 250 hivi, lakini wastani wa kina chake haufiki mita 3. Maji yake ni ya kijani kwa wingi wa mimea midogo inayoelea, na mimea hiyo ndiyo malisho ya ngege. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha samaki kilikuwa Kasenyi, na samaki wa ziwa hili waliuzwa mbali, hata Kongo. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanasayansi kutoka nchi mbalimbali walikaa hapa kulichunguza ziwa hili. Mwaka 1988 Ziwa George lilikuwa ardhioevu ya kwanza ya Uganda kutambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar.

Maisha ya Kahendero ni ya mpaka wa pande tatu: maji mbele, mbuga nyuma, na mlima juu. Mvuvi akitoka usiku hukutana na kiboko. Mkewe akienda kuteka maji huogopa mamba. Shamba likilimwa, tembo hulivuna kwanza. Mitumbwi inayoruhusiwa ina hesabu yake, bali watoto wanaozaliwa hawana. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Mvuvi asiye na kibali hutupa wavu wenye matundu madogo na kuvua samaki wachanga, na akifanya hivyo anakula mbegu ya mwaka ujao.

Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kupambana na uvuvi haramu katika maziwa ya nchi. Ziko sehemu ambazo samaki waliongezeka. Yamesikika pia malalamiko, hata Bungeni, kwamba mkono wa askari ulikuwa mzito kuliko sheria inavyoagiza. Mambo yote mawili yasemwe bila kificho. Wavu haramu ni adui wa mvuvi, lakini mvuvi si adui wa askari. Mkosaji apelekwe mbele ya hakimu, chombo chake kiandikwe katika daftari, na asiyekosa aachwe aende kazini. Siku mvuvi wa Kahendero atakapokuwa wa kwanza kumwambia askari habari za wageni asiowajua waliotua usiku, hapo ziwa litakuwa limepata ulinzi wa kweli.

Vivutio vya kumleta mgeni

Hifadhi ya Queen Elizabeth ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikapata jina lake la sasa mwaka 1954 baada ya ziara ya malkia wa Uingereza. Ina kilomita za mraba 1,978. Katika mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, mgeni huona viboko, nyati, tembo na ndege wa kila aina kwa saa chache tu za safari ya mashua. Uwanda wa Kasenyi una makundi ya swala na simba wanaowafuata. Ziwa Munyanyange, karibu na Katwe, hupokea heroe kwa misimu yao, likawa jekundu.

Juu ya yote umesimama Rwenzori. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alikifikia mwaka 1906. Mlima huo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na ukaingia katika urithi wa dunia mwaka 1994. Wakonzo, ambao theluji kwao huitwa nzururu, wanauheshimu kama makao ya Kitasamba. Theluji hiyo imepungua sana kuliko ilivyokuwa wakati wa Abruzzi, kwa sababu ya joto la dunia kuongezeka.

Mgeni mmoja, basi, aweza kuona theluji, simba, ziwa la chumvi na chemchemi ya moto ndani ya siku chache, na akanywa kahawa iliyopandwa katika miteremko ya Bukonzo. Miji ya Ulaya tuliyoitaja ina maji ya moto na mabustani, haina simba.

Amani ndiyo mtaji

Kwa nini, basi, Kasese haijawa tajiri kama Karlovy Vary? Sababu ni nyingi, lakini ya kwanza inawahusu wasomaji wa ukurasa huu. Mnamo Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na kwa miaka iliyofuata watu walikimbia milima, na wageni wakakoma. Amani iliporudi, wageni walirudi nayo. Aprili 2019 mtalii wa Kimarekani na dereva wake walitekwa nyara ndani ya hifadhi, kisha wakaokolewa. Juni 2023 waasi waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Oktoba mwaka huohuo watalii wawili, mume na mke waliokuwa katika fungate, waliuawa pamoja na Mganda aliyekuwa akiwaongoza. Mnamo Novemba kiongozi wa kundi lililofanya uovu huo alikamatwa na jeshi katika Ziwa Edward.

Risasi moja barabarani hufunga vitanda mia hotelini. Mpishi hurudishwa nyumbani, mwenye mashua hukaa pwani, mwanamke wa Katwe hukosa mnunuzi wa vikapu vyake. Kwa hiyo askari anayesimama Katunguru au Kikorongo usiku, mvua ikimnyeshea, halindi barabara peke yake. Analinda chakula cha nyumba ambazo huenda asizione kamwe.

Lakini bunduki haitoshi. Aprili 2018 simba 11, wakiwemo watoto 8, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na Hamukungu, kijiji jirani na Kahendero. Iliaminika kuwa ni kisasi cha ng'ombe walioliwa. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe haoni faida ya simba mpaka faida hiyo imfikie mkononi. Sheria inaagiza kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa jamii zinazopakana nayo. Fedha hizo zikifika kwa wakati na zikaonekana, kwa shule, kisima au handaki la kuzuia tembo, zitazuia sumu kuliko doria kumi. Zikichelewa au zikipotea njiani, askari ataachiwa kuzima moto ambao hakuuwasha.

Tumerudi basi kwenye yale mambo manne. Usalama ni wa wenye sare. Njia ni za serikali na wajenzi. Usafi na elimu ya maji ni vya wataalamu, nao wana kazi ya kupima chemchemi, kuulinda mto Nyamwamba na kumvisha mfanyakazi wa chumvi viatu vinavyofaa. Ugawaji wa haki ni wa viongozi, na wananchi wana haki ya kuuliza hesabu. Likikosekana moja, matatu hayasimami.

Askari wa Roma walioga, wakaondoka, wakaacha mabafu yaliyokuja kuwalisha watu wasiowajua. Askari wetu aliyepangiwa Kasese ana nafasi iliyo bora zaidi, kwa kuwa wale anaowalinda ni ndugu zake. Likizo yake ikifika, asikimbilie basi la Kampala upesi. Ajipe siku moja: aone heroe Munyanyange, anunue chumvi Katwe kwa bei ya haki, ale ngege Kahendero, na kama viungo vinamuuma, aoge Rwagimba. Kisha arudi kwenye lindo lake akijua anacholinda.